Nyanya Katika Chumba cha Dada

Tarehe 4 Machi

Dada,

Kaa chini kwanza, na kama una kikombe mkononi kiweke mezani, maana najua utakimwaga.

Nimeezua sebule. Ndiyo, sebule ya marehemu baba, paa lote. Mabati yako uani, nimeyapanga vizuri, na juu nimeweka vioo. Sijarukwa na akili. Mwulize wifi yako, ingawa yeye anaweza kukuambia vingine.

Nusu ya habari unaijua. Tangu malori yaache kuja huku, soko limebaki meza tupu. Kinachofika kimenyauka, na watu wanakigombania kama pipi za bure. Tulijaribu kupanda nje, mvua ya mawe ikamaliza kila kitu mara mbili. Na nje kwenyewe ni wapi? Kila ua mtaani kwetu umemwagiwa saruji. Basi tukakaa kikao kwa Mwalimu, yule mzee wa nyumba ya mwisho, tukakubaliana nyumba moja igeuzwe kitalu, tulime ndani chini ya vioo, ilishe nyumba zote kumi na mbili. Ikafika swali la nyumba ya nani. Jamani, wote wakanigeukia mimi! Yetu ndiyo inayopigwa na jua tangu asubuhi, na mimi ndiye fundi vioo niliyekaa bila kazi miezi saba sasa.

Vioo tumepata wapi? Kila nyumba imetoa madirisha yake. Wameziba na mbao, wanakaa gizani mchana kweupe. Mama Mapacha katoa hadi la jikoni. Nilipokuwa nalibeba aliniambia, "Fundi, ukilivunja hilo, utanipikia wewe." Unaona watu walivyoniamini?

Ningekuuliza kabla, nyumba ni yetu wawili, lakini nilijua ungekubali. Umesema simu yako imekufa, basi tuandikiane. Na mimi napenda barua, hunikatizi.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 16 Machi

Wewe kichwa maji,

Kikombe nimekimwaga.

Nimesoma barua yako mara tatu, pale kwenye kiti cha nje ya dobi, wenzangu wakidhani nimefiwa. Na kweli nilihisi hivyo. Baba alijenga ile sebule tofali kwa tofali, nilimchotea maji mimi, wewe ukiwa bado unatambaa unakula mchanga. Ulijua ningekubali? Ulijuaje?

Haya, limeshafanyika. Kama watu watakula, siwezi kusema neno. Nakumbuka unavyokuwa ukikaa bila kazi, unafungua na kufunga komeo la mlango siku nzima. Afadhali ulime.

Ila nisikilize vizuri, na nikisema hivi sitanii. Chumba changu usikiguse. Kile cha mwisho, cha mashariki. Paa lake liache, dirisha lake liache, mlango wake ufunge na ufunguo. Usiweke humo hata ndoo. Kibaki kikavu kama nilivyokiacha, na kitanda changu kilekile. Usiniulize kwa nini. Mimi ni mkubwa wako na nimeomba kitu kimoja tu.

Hapa hospitali kazi ni ileile, mashuka hayaishi. Mwaka wa ishirini na mbili huu nanusa mvuke na dawa ya kufulia. Mimi mzima.

Msalimie wifi yangu. Mwambie nampa pole kwa mume aliyempata.

Dada yako


Tarehe 29 Machi

Dada,

Chumba chako kipo. Kimefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na kitanda kimetandikwa shuka lile la bluu. Umeridhika? Unafikiri mimi mtoto!

Sasa nikupe habari za kweli. Miche, ile tuliyokuwa tumeiotesha kwenye makopo majumbani, imenifika kiunoni. Nyanya, hoho, matango, mchicha chini yake. Mwanzoni maua yalikuwa yanadondoka yote, yakatuvunja moyo, hadi Mwalimu akagundua kwamba ndani hakuna upepo wala nyuki, ua la nyanya halitikiswi, basi halishiki tunda. Kwa hiyo tumeweka zamu ya kutikisa. Kila siku saa nne asubuhi wanakuja watu wawili, wanashika shina mojamoja, wanalitingisha taratibu. Ukimwona Mama Mapacha anavyozungumza na nyanya utacheka. "Amka mama, amka, wanangu wana njaa."

Na kazi ya vioo, usinione hivi. Nimeziba kila upenyo kwa gundi ya silikoni, kona hadi kona. Dirisha nililofunga mimi halipitishi hata pumzi ya mdudu. Kwenye maduka makubwa walikuwa wananiita mimi kwa sababu hiyo. Asubuhi vioo vinatoa matone, kamvua kadogo kanatunyeshea tukiwa ndani, tunacheka tu. Wifi yako ananuna kwamba mkate unaota kuvu siku ya pili. Nimemwambia aule siku ya kwanza.

Zinazopendeza kuliko zote ni nyanya za upande wa mashariki. Shina nene kama kidole gumba.

Mwezi wa sita katikati tunavuna. Mtaa mzima unahesabu siku, Dada. Wengine wanapika mara moja kwa siku, wananiambia, "Fundi, tunavumilia tu tukikutegemea wewe." Mimi huyuhuyu ambaye shule ilinishinda!

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 20 Aprili

Wifi yangu,

Barua hii ni yako peke yako. Isome ukiwa bafuni, halafu ichane.

Simu yangu haijafa. Nimeizima mwenyewe, kwa sababu siwezi kumaliza sentensi mbili bila kukohoa, na yule mume wako angesikia. Mapafu yangu yamekwisha, wifi. Daktari ameniwekea picha ukutani akanionyesha. Mvuke na dawa za dobi zimeyala taratibu miaka yote hii. Kazi nimeachishwa tangu Januari. Yale maneno ya kiti cha nje ya dobi nilidanganya, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa.

Daktari kasema kitu kimoja ndicho kitakachonipa miaka badala ya miezi. Chumba kikavu. Kisiwe na unyevu, kisiwe na kuvu, jua liingie, na watu wangu wawe karibu. Hapa nimepanga chumba cha chini ya ngazi, bomba la maji machafu linapita juu ya kichwa changu. Kila siku nikiamka nimepungua kidogo. Naogopa, wifi. Sijamwambia mtu neno hilo, naogopa sana.

Ndiyo maana nilimkaripia Fundi kuhusu chumba changu. Sebule yake ya nyanya iko mbali, kuna milango miwili katikati na ukumbi mrefu, nitafunga nitakaa huko. Nakuja mwisho wa mwezi wa tano. Usimwambie kwamba naumwa. Unamjua, atakurupuka atabomoa nyumba nzima kwa huruma. Nitamwambia mwenyewe uso kwa uso.

Nitengenezee tu chumba, ufungue dirisha kipigwe na jua.

Wifi yako


Tarehe 2 Mei

Wifi,

Nimelia mpaka mume wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia kitunguu. Kitunguu chenyewe hatukioni miezi miwili sasa.

Nakuomba usije kwanza. Usinielewe vibaya. Ningekubeba mgongoni kama ningeweza. Lakini nyumba hii si ile uliyoiacha. Kuta zinatoka jasho. Nikipitisha kiganja ukumbini kinarudi kimelowa. Nguo zangu kabatini zina madoa ya kijani, na mimi mwenyewe mzima nasikia kifua kinabana. Nimemwambia ndugu yako afungue hata kioo kimoja hewa ipite. Anasema fundi gani anayetoboa kazi yake mwenyewe.

Kuna jambo jingine la nyumba ambalo niliapishwa nisiliseme, naye kaniapisha kwa jina la mama yangu. Mwandikie yeye. Mwulize chumba chako kikoje, umbane, usikubali mzaha wake. Na umwambie unaumwa. Tafadhali. Siri yako ninaibeba, na yake ninaibeba, na zote mbili zinanichoma.

Tafuta pengine kwa mwezi mmoja tu. Wavune, halafu tutaweka mambo sawa.

Wifi yako akupendaye


Tarehe 9 Mei

Wifi,

Nimekuelewa. Ungesema tu kwamba hutaki mgonjwa nyumbani kwako, ningekuelewa mapema zaidi.

Kuta zinatoka jasho! Ndugu yangu kaniandikia kwa mkono wake kwamba chumba kimefungwa na kitanda kimetandikwa. Nimwamini nani, aliyezaliwa nami tumbo moja au wewe? Nilikufungulia moyo wangu, ukanijibu "tafuta pengine". Pengine ni wapi? Nikifa hapa chini ya ngazi, atakayejua ni mwenye nyumba.

Ile ni nyumba ya baba yangu. Nakuja tarehe 25. Sihitaji chai wala shuka lako.

Dada wa mume wako


Tarehe 27 Mei

Dada yangu,

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo nje ya nyumba ya Mwalimu, hatua tano kutoka dirishani kwako. Nakusikia unakohoa. Mwalimu amenizuia mlangoni. Daktari wa zahanati kamwambia kwamba mtu yeyote anayetoka kitaluni asikusogelee, nguo zetu na nywele zetu zimebeba kuvu. Kwa hiyo umesafiri njia yote ile ili mimi nikuandikie barua ya kusafiri hatua tano.

Juzi ulipogonga nilifurahi kama mjinga. Nilikufungulia mlango nikakuambia ufumbe macho, nikushike mkono nikakuonyeshe. Nilitaka kukuona ukishangaa! Nikakupitisha ukumbini ukiwa umefumba macho, Dada, nikakuingiza mwenyewe kwenye chumba chako. Nikasema, "Haya, fumbua." Ukafumbua. Uso ule sitausahau. Halafu ukashika kifua ukakaa chini kwenye matope, na mimi nikadhani umekasirika tu, hadi majirani walipokubeba kukupeleka kwa Mwalimu.

Nikuambie ukweli sasa, nimechelewa lakini nikuambie. Barua yako ya kukataza ilipofika, paa la chumba chako nilikuwa nimeshaliondoa siku sita kabla yake. Ndicho chenye jua zuri kuliko vyote. Nikasema nitakuambia tukivuna, utaona makapu yamejaa, utacheka, utanipiga kofi moja yaishe. Kitanda chako nilikipasua. Chaga zake ndizo nguzo za nyanya. Shuka la bluu nililitaja kwa sababu nililiona limeanikwa kwenye kamba ya jirani nikiwa naandika.

Mke wangu kanieleza yote jana, mapafu, dobi, benchi. Kasema alikuomba usije, wewe ukamtukana. Yuko chumbani kwetu, ameniambia nisimsemeshe. Ana haki.

Kwa nini hukuniambia, Dada? Haki ya nani ningekupa mapafu yangu. Ningelala mimi barabarani. Nimekuwa nikiziba matundu ya hewa kwa mikono yangu, nikijisifu, na wewe unahesabu pumzi.

Lakini sijakata tamaa. Chumba chako kitarudi. Nitang'oa miche yote humo, nitarudisha mabati, nitawasha jiko la mkaa humo kikauke. Siku nne, tano. Utalala kwako. Nakuapia.

Fundi


Tarehe 28 Mei

Mdogo wangu,

Nimeandika hii kwa vipande tangu mchana, usishangae mwandiko.

Nimekasirika na wewe. Nataka uisome hiyo sentensi polepole. Ulinidanganya kwenye karatasi, ukachora na shuka juu yake. Nilipanda basi na uongo wako mfukoni, nikiusoma kila nilipobanwa na kifua. Na mimi nimekudanganya vilevile, najua. Tumekaa kila mmoja anamficha mwenzake kwa mapenzi, na huyo wifi yangu katikati tumemfanya gunia la kutupia lawama. Mwambie naomba anisamehe. La, usimwambie wewe. Zimenibaki karatasi mbili, nitamwandikia mwenyewe nikipata nguvu.

Sasa nakukataza. Using'oe hata mche mmoja.

Nimekaa hapa kwa Mwalimu siku tatu, chumba kikavu, giza tupu kwa sababu dirisha lake liko juu ya kichwa chako huko. Ananiletea uji mwepesi, anajifanya yeye ameshakula. Hajala. Nimesikia mapacha wa jirani wanalia nyuma ya ukuta huu, kilio cha njaa nakijua, cha deko nakijua pia. Wiki mbili zimebaki wale watu washibe. Nikilala kwenye chumba hicho nikijua kimekaushwa kwa chakula chao, sitavuta pumzi hata moja ya raha.

Kwa hiyo toboa vioo vyako. Vunja hiyo sifa yako ya fundi, fungua juu, hewa ipite, mke wako apone kifua. Vuneni. Baada ya hapo tutazungumza habari ya chumba, kama nitakuwepo. Nikiwa sipo, basi mtakuwa mmekula.

Sijakusamehe bado. Usije ukadhani hii barua ni msamaha.

Mwalimu ataileta kesho asubuhi, leo miguu imemvimba.

Dada yako


Tarehe 29 Mei

Dada,

Mwalimu kaileta saa tatu asubuhi. Mimi nilianza saa kumi na mbili.

Nimeng'oa yote. Nilipomaliza chumba chako niliona mvuke unapita ukumbini kutoka sebuleni, nikasema hakitakauka hivi, nikahamia sebuleni. Nilikuwa nang'oa huku nalia, naona nafanya jambo kubwa, naona hatimaye nakutendea haki. Mke wangu alinishika mkono nikamsukuma. Sijawahi kumsukuma, Dada. Hoho, matango, zote ziko uani juu ya saruji, zina matunda mabichi, magumu kama mawe.

Kisha nikachukua patasi nikakwangua plasta ya chumba chako ili kikauke haraka. Maji yalitoka kwenye tofali. Nikachimba zaidi, yakatoka zaidi. Nikawasha jiko la mkaa, ukuta ukafuka kama chungu. Fundi mwashi wa nyumba ya tatu kaja akaweka kiganja akasema ukuta ukishakunywa kiasi hiki unaomba mwaka mzima wa jua, na hata hapo hana hakika. Kwa hiyo nimeua chakula na chumba sijakipata.

Saa nne watu wa zamu wakaja kutikisa. Walikuwa Mama Mapacha na fundi mwashi huyohuyo. Wakasimama mlangoni. Nilitegemea anitukane, nilitaka anitukane. Akapita akaenda uani, akachuchumaa kwenye lile rundo, akaanza kuchuma zile mbichi moja moja kwenye gauni lake. Bila kunitazama akasema, "Fundi, madirisha tulikupa. Kwa nini hukutuuliza?" Wengine wamekuja, uani kumejaa watu, wanachuma, na mimi nimejificha jikoni naandika.

Barua yako nimeisoma mikono ina udongo. Ingefika jana! Ingetangulia kwa masaa matatu tu, Dada, ingenikuta sijaanza.

Sijui cha kuwaambia. Sijui cha kukuambia wewe. Nambie nifanye nini, nitafanya hicho hicho, sitaongeza wala kupunguza.

Mdogo wako


Tarehe 29 Mei, jioni

Mdogo wangu,

Usiniulize mimi. Toka hapo jikoni, nenda uani, kawaulize wao. Waulize mmoja mmoja, na usijibu mpaka wamalize kusema.

Ukitoka huko oga, nyoa hizo nywele, vaa shati la Mwalimu nililolitundika kwenye komeo la mlango wake. Uingie ndani ukae karibu yangu uniambie wamesemaje. Daktari nitamjibu mwenyewe. Mkono umechoka, na kalamu nimeishika kwa vidole viwili.

Usikimbie, utavunjika mguu bure. Lakini usichelewe.

Dada